Maji ya Moto ya Mpishi Mkuu wa Sake

Osaka, 1 Septemba 2002

Genzo mdogo wangu,

Hujambo wewe na wifi yangu Fumi? Huku joto limekataa kuondoka. Nyenje wanapiga kelele tangu alfajiri kama madiwani siku ya bajeti, ila nyenje angalau hufa baada ya wiki moja. Shemeji yako Noboru amestaafu na sasa analima matango machungu kwenye baraza yetu ya ghorofa ya sita. Tumeyala siku kumi na nane mfululizo. Nimemwambia nikifa aandike hivyo kwenye cheti. Kijarida changu cha mtaa kimefika toleo la mia mbili. Ofisi ya jiji imeniletea barua ya onyo kwa sababu ya makala yangu kuhusu mapipa ya taka, nami nimeichapa ukurasa wa kwanza, na makosa yao yote nimeyapigia mstari mwekundu. Ualimu hautoki mwilini.

Basi, salamu zimekwisha. Sasa nisikilize.

Fumi amenipigia simu. Usithubutu kumgombeza, maana alilia mpaka nikashindwa kumkatiza, na wewe unajua ni watu wangapi duniani wameweza kuongea nami bila kukatizwa. Amesema siku ya mwisho ya Obon, sikukuu ya wafu, mlipotoka kuosha kaburi la wazazi, uliingia chooni ukatapika damu. Kisha ukatoka umejifuta mdomo, ukamwambia ni plamu za chumvi. Plamu za chumvi, Genzo! Mwanamke huyo amezitengeneza plamu hizo kwa mikono yake kila Juni kwa miaka ishirini na sita. Ungemdanganya kwa kitu kingine chochote, hata kwa nyanya. Ukaanguka hapo hapo kwenye mkeka.

Hospitali ya mji wakakuingiza kamera kooni. Wakakuta mishipa ya damu imevimba ndani ya tumbo kama mafundo ya kamba, mmoja umepasuka, wakaudunga gundi ukaziba. Nimesoma habari hiyo kwenye maktaba ya wilaya siku tatu. Gundi hiyo ni ndugu wa ile ninayobandikia mpini wa kikombe. Na daktari wa mji, ambaye naona ana akili kuliko wengi wa namna yake, amekwambia kwamba hicho ni kiraka tu. Mishipa mingine ipo, imejaa, inangoja. Ikipasuka tena huenda usifike hospitalini. Amekuandikia uende hospitali kubwa ya mkoa wakaimalize yote kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, bila kukupasua tumbo.

Nawe ukamjibu: "Baada ya msimu wa kupika sake."

Msimu unakwisha Machi! Kwani umefunga mkataba na mishipa yako?

Nijibu kwa barua, maana kwenye simu unaguna tu.

Dada yako,
Sumie


Yokote, Akita, 6 Oktoba 2002

Dada Sumie,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mpunga umeiva vizuri mwaka huu, punje ni kubwa na hazijapasuka. Matufaha ya jirani yameanza kuwa mekundu. Fumi anakushukuru kwa zile biskuti za uduvi. Mimi sikuzionja kwa sababu daktari amenikataza vitu vigumu.

Samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na kazi ya kusugua mapipa.

Hiyo habari Fumi ameikuza. Ilikuwa damu kidogo. Nimekwisha pona, napanda ngazi za ghala bila kuhema. Mchele mpya unaingia kiwandani wiki ijayo. Bwana Aizawa, mwenye kiwanda, amewaahidi wanunuzi wa Tokyo sake ya kwanza kabla ya mwaka mpya. Mimi ndiye mpishi mkuu. Nikiondoka wakati kimea kinalala kwenye chumba chake, nani atakiamsha? Wale vijana wanapima joto kwa mashine. Mashine haina pua.

Tena, dada, Yokote ni mji mdogo. Kila mtu amekwisha amua kwamba Genzo Hatakeyama ameunguzwa na sake yake mwenyewe. Bwana Aizawa alikuja kunitazama, akaniinamia mpaka kiunoni, akasema, "Fundi, umetoa ini lako kwa ajili ya kiwanda." Machozi yalimtoka. Mambo yametulia hivyo. Nikienda hospitali ya mkoa, faili litafunguliwa, watu watauliza, na kitakachoandikwa humo unakijua.

Usiwe na wasiwasi. Vaa soksi, baridi inakuja.

Genzo


Osaka, 10 Oktoba 2002

Genzo,

Marahaba. Sisi wazima, matango yamekauka, Mungu mkubwa.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama. Yaani unaona fahari! Mwenye kiwanda amekuinamia! Hii ni nchi gani, ambayo mtu akiharibu ini kwa pombe huitwa mchapakazi, lakini akiharibiwa ini na serikali yake mwenyewe lazima ajifiche kama mwizi wa kuku?

Kwa kuwa wewe huwezi kuandika neno hilo, nitaliandika mimi. Kirusi. Una kirusi cha homa ya ini. Ulikijua mwaka 1980 ulipokwenda kuchangia damu wakairudisha. Mama alipimwa kabla ya kufa, hakuwa nacho. Hukukipata kwa mwanamke wala kwa sindano ya tatuu. Ulikipata shuleni, 1955, siku ya chanjo, wakati watoto wa shule nzima walipangwa mstari mmoja kwenye ukumbi, na muuguzi akapita na sindano moja, watoto watano, sita, saba, akiipangusa kwa pamba kana kwamba kirusi ni vumbi la dirishani. Wizara ilijua. Madaktari walijua kwamba sindano inapaswa kubadilishwa kwa kila mtoto. Lakini sindano zilikuwa chache na watoto walikuwa wengi, basi wakachagua. Mwalimu mkuu alisimama pembeni na saa yake, akisifu jinsi mstari ulivyokwenda haraka! Nitaandika toleo zima juu ya saa ile.

Nawe, mtu uliyetiwa kirusi ukiwa na miaka sita, umekaa miaka ishirini na miwili unakimwagia sake juu yake. Kila sherehe nakuona na kikombe mkononi. Harusi ya binti wa Aizawa ulikunywa chupa nne, nilihesabu. Hata mimi niliyekupenda tangu una makamasi nilikuangalia nikasema moyoni, huyu anajiua na wanampigia makofi.

Nenda hospitali. Acha kunywa. Kwa mpangilio wowote utakaoutaka.

Sumie


Yokote, 27 Oktoba 2002

Dada Sumie,

Shikamoo. Natumaini shemeji Noboru ameondokewa na maumivu ya mgongo. Hapa theluji imeonekana kileleni.

Sasa nitakwambia jambo ambalo Fumi peke yake analijua, na usilichape.

Sinywi. Tangu siku ile barua ya damu iliporudi, 1980, sijameza hata tone moja. Kazini naonja kama wapishi wote wanavyoonja, naizungusha ulimini, navuta hewa, natema kwenye ndoo. Huko hakuna shida. Shida ilikuwa kwenye karamu. Unajua ilivyo, mtu hajimiminii mwenyewe, unamiminiwa na jirani, na ukikataa umemtukana. Ukiwa mpishi mkuu ukikataa umeitukana sake. Basi Fumi alibuni njia. Kila karamu huja na chupa ndogo ya udongo iliyofungwa uzi mweupe shingoni. Ndani yake ni maji ya moto. Huiweka mbele yangu, na kila ajaye kunimiminia huichukua hiyo hiyo. Zile chupa nne za harusini ulizozihesabu zilikuwa maji. Usiku ule niliamka mara saba, na haikuwa kwa sababu ya ulevi.

Miaka ishirini na miwili, dada. Nimejifunza kuwa mwekundu usoni kwa kuzuia pumzi.

Nacheka ninapoandika, lakini fikiri. Wakijua nina kirusi, nani atanunua sake iliyoguswa na mikono yangu? Hata ukiwaeleza kwamba hakipiti kwenye mchele wala hakiishi kwenye pipa, watatikisa kichwa kwa adabu kisha watanunua ya kiwanda cha pili. Mlevi hawamwogopi. Kwa hiyo acha niwe mlevi.

Jambo la pili. Umeandika kurasa nne juu ya ile sindano. Umemtaja muuguzi, wizara, madaktari, mwalimu mkuu na saa yake. Hukujitaja wewe. Ulikuwapo kwenye mstari ule. Ulikuwa na miaka kumi, kiranja, una utepe mkononi. Sindano iliyonichoma mimi ilipita kwako pia. Tangu 1980 nimekuuliza mara tatu kama umepimwa, na kila mara umenijibu kwa hotuba juu ya kitu kingine.

Basi tufanye hivi. Wewe nenda ukapimwe. Siku utakayoniandikia majibu, mimi nitapanda treni kwenda hospitali ya mkoa, msimu au si msimu. Usipokwenda, siendi.

Genzo


Osaka, 5 Novemba 2002

Mdogo wangu,

Maji ya moto! Nimecheka mpaka Noboru akaja kuangalia kama nimepoteza akili, kisha nikalia kidogo, kisha nikacheka tena. Mwambie Fumi kwamba ningekuwa waziri mkuu ningempa wizara ya ulinzi.

Kuhusu hilo lingine, nimekwenda. Jumatatu hii, tarehe 4, kliniki ya hapa chini kwetu. Wamenitoa damu. Niko safi kabisa, sina kitu. Umefurahi sasa? Haya, kata tiketi.

Nina haraka, kijarida kinakwenda kwa mchapaji.

Sumie


Yokote, 8 Desemba 2002

Dada Sumie,

Shikamoo. Theluji imefika dirishani. Fumi amekata kabichi thelathini za kutia chumvi.

Niliahidi, nikaenda. Nililazwa tarehe 18 Novemba, wakanifanyia tarehe 20. Bwana Aizawa nilimwambia nakwenda kumtazama dada yangu mgonjwa Osaka. Akakupa pole. Ipokee.

Daktari wangu anaitwa Kanzaki, mwanamke, hajafika arobaini, ana mikono midogo kama ya mpishi wa keki. Siku ya kwanza alikaa kitandani kwangu akauliza:

"Fundi, kwa siku unakunywa kiasi gani?"

"Sinywi. Tangu 1980."

Akacheka. "Wapishi wote wa sake huniambia hivyo. Haya, niambie kweli, sitamwambia mkeo."

"Mke wangu ndiye anayenipa maji."

Akaandika kitu. Mara ya kwanza katika maisha yangu nimesema ukweli, na hakuna aliyeuamini. Kesho yake alirudi na majibu ya damu, akainama. "Fundi, naomba radhi. Damu yako ni ya mtawa."

Kisha akanichorea nyuma ya karatasi ya chakula. Ini limekuwa gumu kwa makovu, damu haipiti, basi imejitafutia njia ya pembeni. Inajaza mishipa ya tumbo, halafu inatokea chini kwenye mshipa wa figo. Mrija unaingizwa kwenye mshipa wa kinena, unapanda mpaka figoni, unaingia kwenye ule mlango wa kutokea. Kwenye ncha yake kuna kiputo. Wanakijaza hewa, mlango unazibwa. Hapo ndipo wanasukuma dawa kinyumenyume, kutoka mwishoni kwenda mwanzoni, mpaka mafundo yote yajae. Dawa inakaa humo, damu inaganda, mishipa inakauka.

Nikamwambia, "Daktari, mmeanzia mkiani."

"Makusudi. Nikianzia juu, damu itaikimbiza dawa mpaka kwenye mapafu. Nafunga kwanza inapotokea, ndipo namimina."

Dada, sikia. Hivyo ndivyo ninavyoosha mpira mrefu unaopitisha sake inapokamuliwa. Unafunga koki ya chini, unajaza kutoka chini, dawa inafika kila pembe. Ukimwagia juu inapita tu. Niliwafundisha vijana wangu mwaka mzima na hawajaelewa. Nikamwambia angefaa kiwandani.

"Mnaajiri wanawake?"

"Tangu mwaka juzi."

"Basi nikichoka na matumbo nitakuja."

Nilikuwa macho wakati wote. Walinitia ganzi ya kinena tu. Nilimwona yule nyoka mwembamba kwenye televisheni akinipanda ndani. Dawa ilipoingia nilihisi uzito na joto chini ya mbavu, si maumivu. Halafu kiputo kikaachwa humo kimejaa, nami nikalala chali saa tano bila kukunja mguu. Hilo ndilo lilikuwa gumu. Pua iliniwasha saa tano zote.

Baadaye mkojo ulitoka mwekundu kama plamu za chumvi. Nikajua nimekufa. Muuguzi akasema ni chembe za damu zilizovunjwa na dawa, walilitegemea, na wananipa kitu cha kuzikinga figo. Nikamwomba asimwambie Fumi hadithi ya plamu.

Asubuhi waliniletea maharage yale ya kuvunda yenye nyuzi. Nikayasukuma pembeni. Muuguzi akaandika, "Hana hamu ya kula." Mchana wakaja madaktari wawili kunibonyeza tumbo. Ilibidi nieleze kwamba narudi kiwandani, na mtu wa sake haruhusiwi kugusa maharage hayo msimu mzima, kwa sababu vijidudu vyake vikiingia kwenye chumba cha kimea vinaua kila kitu. Daktari Kanzaki akasema, "Una kirusi, una mishipa iliyopasuka, na unaogopa maharage." Wodi nzima ikacheka.

Kitanda cha pili alilala mzee mmoja wa reli. Akaniuliza, "Wewe ni sake, siyo?" Sijui kwa nini, dada. Labda kwa sababu nilikuwa nimelala chali. Nikamwambia, "Hapana. Ni sindano ya shule. 1955." Akapandisha mkono wa nguo akanionyesha kovu lake begani. "Shule ipi?" akauliza.

Picha ya baada ya wiki mbili inaonyesha mafundo yamekauka. Daktari anasema nguvu ya damu iliyozibwa huko inaweza kutafuta mishipa ya koo, kwa hiyo nitamezeshwa kamera kila baada ya miezi michache. Ini ni lile lile, kirusi ni kile kile. Lakini sitakufa chooni.

Nimefanya kwa sababu wewe ulifanya. Nitumie karatasi ya majibu yako niibandike karibu na yangu.

Genzo


Osaka, 6 Januari 2003

Genzo,

Heri ya mwaka mpya, kama bado unautumia.

Nimepokea kadi sitini na moja. Daktari wa meno ameleta. Mwanafunzi wangu wa 1971 aliyefungwa jela ameleta. Ofisi ya jiji, ambayo nimewaita wezi wa mapipa kwa maandishi, imeleta kadi yenye picha ya kondoo. Yako haikuja. Kwa miaka thelathini na tano kadi yako imefika asubuhi ya tarehe moja, mwandiko wako mbaya, maneno yale yale manane. Tarehe moja nilishuka kwenye sanduku la barua mara tisa. Nyumba isiyoleta kadi ni nyumba yenye msiba, kila mtu anajua. Nilikaa kwenye ngazi nikashindwa kupanda.

Nikampigia Fumi. Akasema, "Wifi, yuko kiwandani, mzima. Ameniagiza nisiseme zaidi." Ameniagiza nisiseme! Kwani umekuwa jenerali?

Nimefanya nini? Sema.

Sumie


Yokote, 12 Januari 2003

Dada Sumie,

Tarehe 4 Novemba ilikuwa sikukuu ya kufidia, kwa sababu Siku ya Utamaduni iliangukia Jumapili. Kliniki zote nchini zilikuwa zimefungwa. Niliiona kwenye kalenda ya kiwandani nilipokuwa napanga zamu.

Mimi nililala chali saa tano.

Genzo


Osaka, 2 Februari 2003

Genzo mdogo wangu,

Sina salamu leo. Noboru mzima. Basi.

Mstaafu hajui sikukuu, ndiyo maana nikanaswa. Nilidanganya. Sikwenda. Nilikaa jikoni Jumatatu ile nikaandika uongo kwa mwandiko mzuri, nikasema moyoni, akishafunga hiyo mishipa anichukie mpaka mwisho, atakuwa hai wa kunichukia. Kwa hilo siombi radhi. Ningedanganya tena kesho.

Radhi naiomba kwa jambo jingine. Unafikiri niliogopa kuambiwa naumwa. Nimewahi kusimama mbele ya polisi wa ghasia na chungu kichwani badala ya kofia ya chuma, Genzo. Siogopi kuumwa. Niliogopa kuambiwa mimi mzima.

Ulikuwa umejificha kwenye kabati la viatu. Nilikutoa kwa sikio. Nikakupeleka kwenye mstari, nikakusimamisha mbele yangu nikikushika mabega. Mbele yako walibaki watoto wawili. Nikaona muuguzi anachoma wa kwanza, anachoma wa pili, anaitupa ile sindano kwenye sinia, anachukua mpya kutoka kwenye maji yanayochemka. Sote tulijua jambo moja siku zile, hata wewe ulilijua. Sindano mpya ni kali, haiumi. Ikishachoma watoto wanne imekuwa butu, inaingia kwa kusukumwa. Iliyotoka majini ilikuwa zamu yako. Nami nikakusukuma nyuma, nikapita mbele. Yasuke, mtoto wa fundi mapipa, naye akapenya katikati yetu. Nikachomwa mimi, akachomwa Yasuke, ukachomwa wewe. Haikuniuma hata kidogo. Wewe ulipiga kelele, nami nikakucheka.

Yasuke alikufa kwa ini akiwa na miaka ishirini na minane. Uliponiandikia 1980 kuhusu damu yako, nilimfikiria yeye kwanza, kisha nikafikiri juu ya ile nafasi ya mbele niliyokunyang'anya. Tangu hapo nimeandika dhidi ya kila mtu aliyekuwa ukumbini siku ile isipokuwa mmoja.

Juzi nimekwenda kweli. Haikuwa sikukuu, nilimuuliza mtu. Karatasi imo humu ndani ya bahasha. Sina kirusi, na daktari anasema hakijawahi hata kupita. Uongo wangu umegeuka kuwa kweli. Sijui la kufanya nao.

Sumie


Yokote, 23 Februari 2003

Dada Sumie,

Shikamoo. Theluji imeanza kudondoka paani yenyewe. Fumi anakusalimu sana. Kamera ya koo iko safi. Daktari Kanzaki anauliza kama nafasi ya kazi bado ipo.

Nimebandika karatasi zetu mbili jikoni, moja juu ya nyingine. Fumi anasema zinaonekana kama matangazo ya kukosa adabu.

Kuhusu kabati la viatu. Nakumbuka vizuri kuliko wewe, kwa sababu ni mimi niliyekuwa naogopa. Uliponisukuma nyuma ulifikiri umeninyang'anya kitu. Dada, nilikuwa na miaka sita. Sikujali sindano mpya wala butu, nilichotaka ni isiwe sasa. Yasuke hakupenya. Mimi ndiye niliyemvuta shati nikamwambia, "Pita, pita." Kila mtoto aliyekaa mbele yangu alinipa dakika moja zaidi. Ningeweza ningeiweka shule nzima mbele yangu, pamoja na mwalimu mkuu na saa yake. Nilikuona wewe ni dada mwema kupita wote duniani. Nilikuwa nakupenda mpaka iliponichoma.

Sisi tulikuwa watoto wawili tunaogopa, kila mmoja kwa akili yake. Maji yalikuwa yanachemka pale pale mbele yetu, na mtu mzima aliyeshika sindano ndiye aliyejua ni ya nini. Umemwandikia yeye makala mia mbili. Endelea naye huyo huyo. Kiranja wa miaka kumi mwache aende darasani.

Jana jioni nilimwambia Bwana Aizawa. Yote, pamoja na maji ya moto. Alichukua ile chupa ya uzi mweupe, akanusa, akasema, "Miaka ishirini na miwili nakumiminia maji?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na ulikuwa unaniambia mwaka huu imetoka tamu!" Hajaamua bado kama amekasirika. Lakini asubuhi hii aliniita fundi kama kawaida.

Nimekutumia chupa ya sake ya kwanza ya mwaka huu. Wanunuzi wanasema ndiyo bora niliyowahi kupika. Mimi naijua mpaka ulimini tu. Hapo ndoo inanisubiri. Sijui inakuwaje ikivuka koo, nimekwisha sahau. Wewe una ini lisilo na doa, hivyo lifanyishe kazi. Inywe, uniandikie inavyoshuka.

Genzo


Osaka, 3 Machi 2003

(kadi ya posta)

Genzo mdogo wangu,

Nimeinywa yote, Noboru sikumpa hata kikombe. Nilikaa na kalamu mkononi ili nisikose kitu. Namna inavyovuka koo sikumbuki kabisa. Tuma nyingine.

Dada yako,
Sumie